Godoro la kudumu, kitanda cha muda: jibu kwa mwalimu anayehamia Mbagala

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, nahamishwa kutoka Singida kuja Dar es Salaam mwezi wa kwanza. Nimepata chumba kimoja Mbagala, nyumba ya kawaida si ghorofa, sakafu ya saruji, futi 10 kwa 12. Kitanda chetu cha 5 kwa 6 kinabaki huku na mume wangu hadi mwezi wa tano, atakapokuja na Fuso na vyombo vyote. Nitakuwa na binti yangu wa miaka minne. Mwezi wa kwanza wote mama yangu atakuwa nasi. Ana miaka 64 na magoti yanamsumbua. Nikishalipa kodi ya miezi sita na pesa ya dalali, nabaki na laki mbili na nusu kwa ajili ya malazi. Ninunue godoro la upepo, kitanda cha mtumba, au nitandike tu godoro chini? Huku Singida nilipoanza kazi nililala chini miaka miwili na sikupata shida yoyote. Na hivyo nitakavyonunua, baada ya miezi minne nitavifanyia nini?"

Marahaba, mwalimu. Umefanya vizuri kupata chumba mapema, maana wenzako wengi hufika Januari shule zimeshafunguliwa, ndipo waanze kuzunguka na dalali huku mizigo iko kwa ndugu. Mimi ni seremala hapa Keko, mwaka wa 26 sasa, na kila Desemba na Januari naletewa swali lako na watu wanaohama. Huwa nalijibu kwa mdomo, mteja amesimama mlangoni. Leo naliandika lote, kwa sababu kwako kuna mambo mawili ambayo ukiyasahau pesa yako itapotea: magoti ya mama, na mvua ya Machi.

Ushauri wangu ni huu. Usinunue kitanda. Nunua godoro jipya la sponji, zuri, la futi 4 kwa 6, unene inchi 6, na ulilaze juu ya paleti nne zilizopangwa tabaka mbili. Godoro ndilo litakalobaki nawe miaka. Cha chini yake ni cha kupita. Watu wengi hufanya kinyume: wananunua kitanda kinachong'aa, pesa inakwisha, wanamalizia na godoro jembamba linalobonyea hadi kwenye chaga. Mwezi wa tatu mgongo unauma na kitanda kinalaumiwa bure.

Sasa tuje kwenye kulala chini, maana naona ndiko moyo wako ulikoelekea. Siwezi kukubishia kuhusu Singida. Singida ni nchi kavu, mvua yake ni ya msimu mmoja, na sehemu kubwa ya mwaka upepo unapita mkavu. Godoro lililolowa jasho usiku, mchana linakauka lenyewe pale pale lilipo. Dar es Salaam si hivyo. Hapa hewa yenyewe ina maji. Chumvi kwenye kopo inashikana, kitabu kilichoachwa rafuni kinajikunja kurasa. Mtu akilala, jasho na mvuke wa mwili vinashuka ndani ya sponji. Chini vinakutana na saruji iliyo baridi kuliko mwili, na pale vinageuka maji, kama vile glasi ya maji baridi inavyotoka jasho mezani. Ongeza na unyevu unaopanda kutoka ardhini, kwa sababu nyumba nyingi za kupangisha zimemwagwa zege bila nailoni ya kuzuia maji chini yake. Godoro linakuwa katikati, linakunywa kutoka juu na kutoka chini.

Januari hutaona kitu, wala Februari: jua ni kali, sakafu inaonekana kavu, utasema fundi alinitisha bure. Masika yakiingia Machi ndipo mambo yanapogeuka. Mwaka mmoja, mwezi wa nne, niliitwa kupima kitanda kwa kijana aliyekuwa amelala chini tangu Krismasi. Tulipolinyanyua godoro lake ili nipime nafasi, upande wa chini ulikuwa na ukungu mweusi wenye umbo lake: mabega, kiuno, visigino viwili. Kifuniko kilinuka kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Alikuwa akikohoa kila alfajiri na alidhani ni vumbi la barabara. Godoro lile halikuwa na miezi minne, na lilitupwa. Kwa mtoto wa miaka minne sitaki kabisa uthubutu huo, na kama kuna mtu wa pumu kwenu, ndiyo zaidi.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili kabla yetu. Kitanda cha asili cha Waswahili ni matendegu manne, yaani miguu, mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili vya kichwani na miguuni, katikati kimewambwa kamba ya ukindu au ya makumbi ya nazi. Hewa inapita juu, inapita chini, inapita hata katikati ya kamba zenyewe. Kamba hulegea kwa uzito wa mlalaji, kila baada ya muda anaambiwa ashuke ili ikazwe, na ndiyo sababu kinaitwa teremka tukaze. Ukipata kimoja kizima kwa bei ya kiungwana, kichukue bila kunirudia. Ila siku hizi mafundi wa kuwamba ni wachache, na usikisubiri. Nimekitaja ili uone kwamba kitu unachokitafuta si mbao nzuri wala vanishi. Ni hewa chini ya godoro, na urefu wa kutosha kwa magoti.

Ndiyo maana nasema paleti. Namaanisha zile za mbao zinazobebea mizigo viwandani na kwenye maghala. Utazipata kando ya barabara ya Nyerere, Chang'ombe, Vingunguti, na hata kwa vijana wanaozikusanya na kuziuza kwa kuni. Nyingi zina upana wa sentimita 100 na urefu wa sentimita 120, na kimo cha sentimita 14 na ushei. Ukiweka mbili ubavu kwa ubavu unapata sentimita 120 kwa 200. Godoro la futi 4 kwa 6 ni sentimita 122 kwa 183. Umeona lilivyokaa? Upana ni kama limepimiwa, na upande wa mchago unabakiwa na kibao cha sentimita 17 cha kuweka simu, glasi ya maji na miwani ya mama.

Angalia usije ukauziwa zile nyembamba za 80 kwa 120, paleti za Ulaya. Mbili zake zinatoa sentimita 160 tu, na miguu ya mtu mzima itaning'inia. Nenda na futi kamba. Usipime kwa macho.

Kimo sasa. Tabaka moja la paleti ni sentimita 14, ongeza inchi 6 za godoro, ambazo ni sentimita 15, jumla 29. Kwako wewe na binti ni sawa. Kwa mtu mwenye magoti mabovu ni mateso, kwa sababu anapokaa magoti yanapanda juu ya nyonga, na kuinuka kunahitaji ashike ukuta. Tabaka mbili zinafika sentimita 43 au 44, na hicho ni karibu kimo cha kiti cha kawaida. Mama ataweka nyayo zote mbili chini na kuinuka kama anavyoinuka mezani. Tabaka la pili ni kwa ajili yake. Akirudi Singida mwezi wa pili unaweza kulitoa ukalifanya rafu, ingawa mimi ningeliacha, kwa sababu masika yakija utashukuru kuwa juu.

Paleti zilizosafirisha mizigo kutoka nchi nyingine huwa na muhuri uliochomwa au kupigwa ubavuni: alama kama suke la ngano, herufi mbili za nchi ilikotoka, namba, na herufi mbili nyingine. Hizo za mwisho ndizo unazozitafuta. HT ni mbao iliyouliwa wadudu kwa joto, hiyo chukua. MB ni mbao iliyofukizwa dawa ya methili bromidi. Hiyo waachie wanaobebea mizigo, wewe na mtoto msilale juu yake. Isiyo na muhuri kabisa, iache. Yenye madoa ya mafuta, rangi iliyomwagika au harufu ya dawa, iache hata kama ina HT, maana muhuri unaeleza jinsi mbao ilivyotibiwa, hauelezi ilibeba nini. Na ukiona paleti zimepakwa rangi moja zote na zina jina la kampuni, uliza kwanza. Nyingine ni mali ya kampuni zinazozikodisha, na anayekuuzia si mwenyewe.

Ukishapata nne nzuri, mpe kijana wa guta azipeleke, au kirikuu kama una mizigo mingine ya kuunganisha. Paleti moja ina kilo 20 na zaidi, usijaribu kuibeba begani kutoka kituoni. Nyumbani, zisimamishe nje juani, zisugue kwa brashi na maji ya sabuni, ziache zikauke siku mbili kamili. Pitisha kiganja kilichofungwa kitambaa kinene kila upande: pale kitambaa kinaponasa pana kijiti au kichwa cha msumari. Misumari iliyochomoza igongee ndani, vijiti piga msasa. Saa moja ya kazi, na ndiyo inayookoa mashuka yako na visigino vya mtoto. Panga tabaka ya chini juu ya vipande vya marumaru vilivyovunjika, kimoja kila kona, ili mbao isiguse saruji yenye unyevu na mchwa wasipate daraja. Panga ya juu, kisha funga za juu na za chini pamoja kwa kamba ya katani kwenye kona zote, fundo la kukaza. Zisipofungwa, siku binti ataruka kitandani zitateleza.

Tazama nafasi kati ya ubao na ubao. Ikizidi vidole vinne, sponji itazama humo na godoro litachakaa kwa mistari. Pigilia ubao mwembamba katikati. Halafu juu ya paleti, kabla ya godoro, tandika mkeka wa ukindu. Mkeka unazuia mbao isisugue kifuniko na bado unapitisha hewa. Usitandike turubai wala zulia la plastiki, utakuwa umerudisha ile saruji. Na lile nailoni ambalo godoro linakuja nalo kutoka dukani, livue siku hiyo hiyo. Najua wengi wanaliacha ili godoro lisichafuke. Linachofanya ni kufungia jasho ndani, na usiku linapiga kelele kila ukigeuka.

Nikueleze na ubaya wa paleti. Uvungu wake ni mdogo, hauoni ndani, na mende na panya wanaupenda. Ziache mbali na ukuta kwa kiganja kimoja, usiweke chakula wala mabegi ya nguo chini yake, na kila Jumamosi mulika kwa tochi ya simu na kupitisha fagio. Usipoweza kufanya hivyo, ni bora uende kwenye kitanda cha chuma, ambacho nitakifikia.

Godoro ndilo nataka ulitafute kwa uangalifu kuliko kitu kingine, kwa sababu kifuniko kinaficha yote. Magodoro mawili ya saizi moja, ua moja, rangi moja, yanaweza kutofautiana karibu mara mbili kwa sponji iliyomo. Njia ya kuligundua ni uzito. Godoro la 4 kwa 6 la inchi 6 lina ujazo wa karibu theluthi moja ya mita ya ujazo. Sponji ya kilo 24 kwa mita ya ujazo itakupa godoro la kilo 8. Sponji ya kilo 15 itakupa kilo 5, na hiyo ndani ya miezi michache inakuwa na bonde katikati. Mimi singenunua chini ya kilo 7. Duka gani litakupimia godoro? Hakuna. Lakini wale vijana wanaotembea na mizani ya kupimia watu wanapita Mbagala Rangi Tatu asubuhi hadi jioni. Mwite mmoja mbele ya duka, panda mizani peke yako, kisha panda ukiwa umelikumbatia godoro, toa namba ya kwanza kwenye ya pili. Muuzaji wa haki hatanuna. Akinuna, maduka ni mengi.

Uzito peke yake haumalizi, kwa kuwa wako wanaochanganya unga wa chokaa kwenye sponji ili iwe nzito. Kwa hiyo fanya na jaribio la pili: piga goti katikati ya godoro kwa uzito wako wote, hesabu hadi kumi, ondoa. Shimo linapaswa kujaa mara moja, siyo kupanda polepole kama unga wa maandazi. Kama kuna zipu, fungua ukabinye kona ya sponji kwa vidole viwili. Ikikatika vipandevipande kama mkate mkavu, ondoka. Na pima unene kwa futi kamba, maana inchi 6 ya mdomoni mara nyingine ni inchi 5 ya kweli.

Mgawanyo wa pesa yako ningeufanya hivi: laki moja na nusu hadi laki moja na elfu sabini kwa godoro, iliyobaki kwa paleti, guta, msasa, mkeka na neti. Ikiwa godoro zuri la 4 kwa 6 linazidi hapo, shuka upana uchukue 3.5 kwa 6 kabla hujashuka ubora. Mama na mjukuu watatosha kwa mwezi mmoja, nawe na binti mtatosha kwa miezi mitatu. Usishushe unene chini ya inchi 6. Mtu mzima akilala ubavu kwenye inchi 4, nyonga inagusa mbao.

Nawe utalala wapi mwezi ule mama yupo? Hapo usitoe hata shilingi. Huko Singida huenda kuna godoro la mgeni au la msichana wa kazi, lile la 2.5 kwa 6 jembamba. Likunje kwa nguvu kuanzia upande mmoja, mtu mwingine akiwa amelikalia hewa itoke, lifunge kamba sehemu tatu, livishe sandarusi. Linaingia kwenye buti la basi bila shida; kubaliana na ofisi ya basi nauli ya mzigo kabla ya siku ya safari, si mlangoni asubuhi gari linanguruma. Mbagala litandike juu ya mkeka, na kila asubuhi ulisimamishe ukutani lipate hewa pande zote mbili. Kwa Januari, na kwa kulinyanyua kila siku, chini panakubalika. Kinachooza ni godoro linalokaa chini mchana na usiku.

Godoro la upepo nakukatalia, na naomba unisikilize kwa sababu bei yake inavutia. Lile ni la siku tatu za msiba au harusi, wageni wamejaa sebuleni. Hewa iliyojazwa mchana wa joto inasinyaa usiku ukipoa, plastiki nayo inatanuka, kwa hiyo saa nane ya usiku mwenye uzito mkubwa yuko bondeni na mtoto amemviringikia. Kwa joto la Dar es Salaam plastiki haipitishi jasho, utaamka umelowa mgongo. Mwiba mmoja, pini moja ya nywele ya binti, na huna tena mahali pa kulala. Miezi minne halifiki, na likiisha halina hata sponji ya kushonea mto.

Kitanda cha kukunja cha turubai nacho, kile cha kambini, ni cha mtu mmoja na kinazama katikati. Kwa mama ni kibaya kuliko sakafu, kwa kuwa akitaka kuinuka fremu ya pembeni inamkata mapaja. Kipite.

Kitanda cha mtumba ni suala lenye pande mbili, na watu wanalichanganya. Fremu ya chuma iliyotumika ni kitu kizuri sana. Godoro lililotumika ni balaa. Ukikosa paleti za HT, nenda Tandika au sehemu yoyote wanapouza vyombo vilivyotumika, utafute kitanda cha chuma cha 4 kwa 6 kinachofunguka. Kishike mchagoni ukitikise. Kikicheza, tazama mahali mfumbati unapochomekwa: kama tundu limetanuka au kuchomea kumepasuka, kiache, kama ni nati tu imelegea, kaza kwa spana. Hesabu chaga zote, na uzipime kwa kukanyaga, siyo kwa kuangalia. Pima ndani, kwa sababu vingi vinavyoitwa vya 4 ni vya 3.5. Kelele za chuma zinakwisha kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyowekwa kwenye maungio. Kisha, kabla hakijaingia chumbani, kimwagie maji yanayochemka kwenye kila tundu na kila pembe, ndani ya bomba za miguu pia.

Maji hayo ni kwa ajili ya kunguni, na ndio sababu godoro la mtumba nalikataa bila mjadala. Kunguni anaweza kukaa miezi bila kula, akisubiri tu. Niliwahi kununua godoro lililotumika kwa ajili ya kijana wangu wa karakana, miaka mingi nyuma, kwa mtu aliyesema anahama nchi. Nilikagua juu, safi. Sikukagua ndani ya mshono. Wiki ya tatu kijana alikuwa na alama za kung'atwa zilizopangana mstari mkononi, na tulipopitisha ukingo wa kadi kwenye mshono wa pembeni zilitoka tembe nyeusi ndogo kama wino uliodondoka, mayai meupe, na wenyewe. Tulichoma godoro, tukafukiza karakana mara mbili, na mteja mmoja alirudisha kochi. Mwalimu, wewe unakwenda kwenye nyumba ya wapangaji wengi, ukuta kwa ukuta. Usiwe ndiye uliyewaleta, na ukikagua chumba chako kabla ya kuhamia, mulika nyufa za ukuta na fremu ya mlango uone kama waliokutangulia hawakukuachia.

Neti isije ikawa ya mwisho. Chumba cha kupanga mara nyingi hakina dari, na mwenye nyumba hataki misumari. Funga kamba imara kutoka nondo ya dirisha hadi bawaba ya juu ya mlango au ukuta wa pili, ipite juu ya kitanda, na utundike neti ya pembe nne hapo. Ichomeke chini ya godoro, kati ya sponji na mkeka, pande zote nne. Wewe unayelala chini mwezi ule unahitaji yako pia. Mbu wa Mbagala hawajui nani ni mgeni.

Umeuliza utavifanyia nini vitu hivi mwezi wa tano. Kitanda chenu kikifika, paleti mbili zitakuwa rafu ya masufuria au sakafu ya kuwekea magunia yasiguse unyevu, na mbili utampa jirani au utaziuza kwa bei uliyonunulia. Godoro linakuwa la binti. Ndiyo maana nimekataa kabisa ununue la bei ya kutupa: utakuwa umemnunulia mtoto godoro la miaka ijayo bila kulipa mara mbili. Atahitaji fremu yake tu, na hapo pesa itakuwa imepumua.

Na kwenye fremu hiyo nina neno. Miaka zaidi ya ishirini iliyopita, nikiwa bado nataka kila kitanda changu kionekane kimoja, nilimtengenezea mama mmoja kitanda cha mninga, maungio nimeyatia gundi na kupigilia misumari, hayana hata nafasi ya kupitisha ukucha. Nilikiunganishia ndani ya chumba chake. Baada ya miaka mitatu alihama. Mlango ulikuwa wa futi mbili na nusu na kitanda hakikutoka kwa pembe yoyote. Aliniita, nikafika na msumeno, nikakata mifumbati yote miwili mwenyewe, mbao nilizozichagua mwenyewe, yeye amesimama pembeni ameshika neti iliyokunjwa. Nilimtengenezea kingine bila kudai kitu. Wewe ni mtumishi wa serikali, uhamisho mwingine unaweza kuja. Fundi yeyote utakayempa kazi ya kitanda cha binti, hapa Keko au kwingine, mwambie kabla hajashika randa: mifumbati ishikwe kwa boliti nane, mbili kila kona, na akupe na spana yake.